Uganga, Ndumba na Uchawi: Uzito wa Neno Katika Michezo ya Wasichana

Makala haya yananuia kufafanua tofauti iliyopo baina ya uganga, ndumba na uchawi, pale wasichana wa timu ya shule wanaposhukiwa kutumia dawa ili washinde. Mfano wetu ni Muhuru Bay, kaunti ya Migori, mahali ambapo Kijaluo hukutana na Kiswahili cha mpakani mwa Tanzania.

Kijaluo hakichanganyi dhana hizi. Bilo ni dawa ya kinga na ushindi, na mwenye kuimiliki ni jabilo, ambaye zamani alishauriwa kabla ya vita. Ajuoga hutibu na kupiga ramli. Jajuok ndiye mchawi. Klabu ya Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968 na kutwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, ina jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Homa Bay. Jina hilo ni sifa, wala si tusi.

Kiswahili nacho kina mipaka yake. Uganga hutokana na kitenzi ganga, yaani tibu. Ndumba ni dawa ya kutafutia bahati. Nchini Tanzania, wanaoishughulikia huitwa kwa tafsida "kamati ya ufundi". Uchawi hubeba nia ya kudhuru. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku yote huitwa uchawi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mwaka 2002, Thomas Nkono, kocha wa makipa wa Kameruni, alikamatwa nchini Mali akidaiwa kuweka hirizi uwanjani. Kwake yeye, kisa hicho kilibaki kuwa simulizi ya soka. Msichana wa kijijini hana ngao ya umaarufu: jina la mchawi humfuata hadi nyumbani. Katika eneo jirani la Kisii, watu 11 waliteketezwa kwa tuhuma za uchawi mwezi Mei 2008, na wanawake wazee wanne wakauawa huko Marani mwaka 2021.

Kwa hivyo, mwalimu anayemkuta mchezaji na hirizi aulize kwanza: ilikusudiwa nini? Aliyejifunga uzi kwa kuogopa kushindwa hajamdhuru mtu. Hata aliyetamani mpinzani ateguke mguu anahitaji nidhamu na ushauri nasaha, si jina la kumwandama maisha yake yote. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuanze kwa kuyatumia maneno haya kwa uangalifu.