Kanada: Mafuta ya bangi ya nyumbani, joto linapimika, nguvu haipimiki

Hapa Congo bangi ingali imekatazwa na sheria. Kwa jamaa zetu wanaoishi Toronto ao Ottawa, imekuwa jambo la jikoni: tangu tarehe 17 mwezi wa kumi 2018, mtu mzima nchini Kanada ana ruhusa ya kuitia katika chakula chake. Wengi wanaipika ndani ya mafuta.

Kazi yote iko kwenye joto. Jani bichi halilevyi. Lina asidi ambayo moto unaigeuza kuwa THC, ile inayolevya. Mageuzi hayo yanafanyika vizuri kwenye digri 110 hadi 120. Moto ukizidi, THC yenyewe inaharibika. Tena mafuta si maji. Maji yakichemka yanasimama kwenye digri 100. Mafuta yanaendelea kupanda mpaka yatoe moshi, kisha yawake. Ndiyo maana wengi wanaweka chombo cha mafuta ndani ya sufuria ya maji.

Lakini kipimajoto hakisemi kijiko kimoja kina THC kiasi gani. Chakula cha dukani hakiruhusiwi kupita miligramu 10 kwa pakiti. Chupa ya nyumbani haina maandishi yoyote. Na bangi iliyoliwa inachelewa, dakika 30 hadi saa mbili. Mtu anaona bado, anaongeza kipande, kiisha vyote vinampanda pamoja.

Mtoto naye anaona keki tu. Hospitali za Ontario zilipokea watoto wengi zaidi waliolewa hivyo baada ya vyakula vya bangi kuruhusiwa madukani. Mtoto akiila, familia ipige 911 bila kungoja dalili.