Tunzeni Waya wa Antena, Mpate Mipaka ya Kweli

Ndugu wakulima, zamani mpimaji wa ardhi alikuja shambani na mnyororo. Siku hizi huja na antena inayopokea ishara za setilaiti zilizo juu yetu kwa kilomita 20,000 hivi. Antena kuu hukaa mahali pamoja, kwa mfano juu ya paa la ofisi ya ushirika. Nyingine mpimaji huichukua kutoka bikoni hadi bikoni. Zikisaidiana, kosa la kipimo huwa sentimita chache tu. Antena kuu ikinyamaza, kosa laweza kufika mita 3 au zaidi. Mita 3 kwenye ua wa mita 100 ni mita za mraba 300 za shamba, nazo zatosha kuwagombanisha majirani miaka mingi. Watu wa Kiwanjani, Isiolo, hawahitaji kuelezwa ugomvi wa viwanja ulivyo.

Kati ya antena kuu na mashine iliyo ofisini pana waya mweusi uitwao koaksia. Ndani yake mna uzi wa shaba, kisha plastiki nyeupe, kisha wavu wa madini, kisha ganda. Waya huo huteremsha ishara, na mara nyingi hupandisha umeme mdogo wa kulisha antena. Kwa hiyo zimeni mashine kabla ya kuufungua.

Yafuateni mambo haya:

1. Chagueni waya ufaao. Waya mwembamba wa milimita 5 hupoteza nusu ya nguvu ya ishara katika kila mita 4 hivi. Ule mnene wa milimita 10, wa aina nzuri, hupoteza nusu katika mita 17 hivi. Msitumie waya wa televisheni bila kumwuliza fundi, kwa maana si wa kipimo kimoja.

2. Wekeni antena mahali peupe, mbali na miti na matangi ya maji. Kiwanjani pako jirani na uwanja wa ndege. Kabla ya kusimamisha mlingoti, ulizeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya kama urefu wake unaruhusiwa.

3. Zuieni maji. Huyu ndiye adui mkubwa. Maji yakiingia kwenye kiungo hutambaa ndani ya wavu, shaba huota kutu ya kijani, na kwa nje waya huonekana mzima. Fungeni kila kiungo cha nje kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, mkianza chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule wa kwanza. Juu yake fungeni utepe mweusi usioharibiwa na jua. Mahali waya unapoingia ukutani, uacheni uning'inie kidogo chini ya tundu, ili maji yadondoke nje.

4. Msiukunje. Kona yake isiwe kali: waya wa milimita 10 upindwe kwa duara lisilopungua sentimita 10 kutoka katikati hadi ukingoni. Msiukaze kwa waya wa seng'enge wala kuupigilia msumari.

5. Uficheni. Mbuzi hutafuna, panya huguguna, na jembe hukata. Unapopita ardhini, utieni ndani ya bomba la plastiki, lenye kina cha sentimita 60, mbali na waya wa umeme wa nyumba. Zibeni ncha za bomba, na wekeni alama juu ya njia yake.

6. Wekeni kinga ya radi pale waya unapoingia nyumbani, iunganishwe na chuma kilichopigiliwa ardhini. Iwe ya aina inayopitisha ule umeme wa kulisha antena, la sivyo antena haitafanya kazi. Kazi hii apewe fundi.

Kagueni waya mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na za Oktoba. Mkiona ganda limepasuka au utepe umelegea, rekebisheni siku hiyo hiyo. Mashine ikionyesha setilaiti chache kuliko kawaida, mwambieni mpimaji asimamishe kazi mpaka waya ukaguliwe.

Mwisho, kumbukeni kwamba mpaka wa sheria huwekwa na mpimaji mwenye leseni, si na jirani mwenye simu mkononi. Kazi yenu ninyi ni kuhakikisha kwamba siku atakapokuja, antena kuu inasema kweli.