Mbwa Naye Ana Fungu Lake Katika Bajeti ya Nyumba

Katika daftari la matumizi ya nyumba aghalabu hakuna mstari wa chakula cha mbwa. Kodi ya nyumba imo, sare za shule zimo, mkaa umo, hata nauli ya kwenda kazini imo. Lakini mbwa, ambaye hukesha usiku kucha akimbwekea kila anayepita kichochoroni, ameachiwa makombo. Na wako wasemao kwamba makombo yanamtosha. Makombo yapi? Katika nyumba ya mfanyakazi mwenye watoto wanne sufuria ya ugali hukwanguliwa mpaka ukoko, na mama wa nyumba ajuaye kupima unga wake habakizi kitu. Mbwa anayengojea makombo ya nyumba kama hiyo, kwa kweli halishwi na nyumba hiyo. Analishwa na jalala la mtaa.

Huko jalalani hukutana na mbwa wengine, hupigana nao, huumwa, na pengine hurudi nyumbani na kichaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mtu akiumwa, jeraha huoshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha hukimbizwa hospitali kuchomwa sindano zaidi ya moja, kwa siku mbalimbali. Gharama ya sindano hizo, pamoja na nauli na siku za kazi zilizopotea, huzidi mbali unga ambao mbwa yule angekula. Tena mgonjwa akisubiri mpaka dalili zitokee, hapana dawa ya kumponya. Chanjo ya mbwa ni ya lazima hata kama anashiba, lakini mbwa aliyeshiba ana sababu chache za kuzurura.

Basi tufanye hesabu. Mbwa wetu wa kienyeji aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 15 hivi. (Kumpima si kazi: mbebe, panda naye juu ya mizani, kisha toa uzito wako.) Mbwa huyo, akiwa mzima na asiye na kazi nzito, hutosheka kwa siku na gramu 200 za unga wa dona uliosongwa au kupikwa uji mzito, pamoja na gramu 60 za dagaa wakavu waliopikwa humo humo. Kwa mwezi hiyo ni kilo 6 za unga na karibu kilo 2 za dagaa. Kwa mwaka unga unafika kilo 72, yaani si mbali sana na gunia zima la kilo 100. Wengi hushtuka wakisikia hivyo, maana hawakupata kudhani kwamba mbwa ana gunia lake.

Anayependa mbwa wakubwa na apige hesabu kabla ya kuleta mtoto wa mbwa nyumbani. Hata hivyo mbwa wa kilo 30 hali mara mbili ya yule wa kilo 15. Mnyama mkubwa hutumia chakula kidogo zaidi kwa kila kilo ya mwili wake. Mtengee kilo 10 za unga na kilo 3 na kitu za dagaa kwa mwezi.

Vipimo hivyo havibadiliki kwa kuvuka mpaka wa mkoa. Kinachobadilika ni bei, na hapa ndipo watumishi wanaohamishwa hukuta mambo yamegeuka. Mtumishi aliyekuwa Musoma au Mwanza amezoea dagaa wa Ziwa Victoria kuwa kitu rahisi. Kinachomsumbua ni unga. Akihamia Iringa, Njombe au Songea, mahindi yako tele baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, lakini dagaa wale wale wamesafiri siku nyingi na kupita mikono mingi. Aliye karibu na Ziwa Nyasa ana usipa. Dodoma na Singida kuna mtama na uwele, nao mbwa huula vizuri ukisagwa na kupikwa. Kagera ndizi ndizo chakula cha nyumba, lakini ndizi zina protini kidogo kuliko mahindi, kwa hiyo fungu la dagaa au maharage yaliyoiva sana halina budi kuongezwa. Dar es Salaam ina kila kitu, na kila kitu kimelipiwa nauli: dagaa wa Mwanza wamekwenda zaidi ya kilometa 1,000 kabla ya kufika sokoni.

Kosa la kawaida ni kujaza bakuli kwa kile kilicho rahisi. Wa nyanda za juu humlisha mbwa ugali mtupu mwaka mzima, kisha hustaajabu kuona manyoya yamekwisha mng'aro na mbavu zinahesabika huku tumbo limejaa. Wanga humpa nguvu, haumjengi mwili. Afadhali unga upungue kidogo, dagaa wasikosekane.

Pale dagaa wanapokuwa ghali, yapo machinjio. Utumbo, mapafu, bandama na damu mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu kuliko nyama. Anayekaa Dar es Salaam anaijua njia ya Vingunguti. Pale Feri vichwa vya samaki navyo hupatikana, nao wafaa kuchemshwa na kutolewa miiba. Lakini vitu vya machinjioni visitupwe kwa mbwa vikiwa vibichi. Maini na mapafu ya ng'ombe, mbuzi au kondoo yaweza kuwa na malengelenge yenye maji, na ndani yake mbegu za tegu mdogo. Mbwa akiyala, tegu hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, nayo yakiingia kinywani mwa mtoto anayecheza uani, malengelenge hayo hayo hukua katika ini au mapafu ya mtoto. Turkana, nchini Kenya, ni mahali palipopata kujulikana duniani kwa ugonjwa huo. Chemsha mpaka viive kabisa, na sehemu zenye malengelenge usimpe mbwa hata kidogo. Zichome moto au zifukie chini sana.

Liko jambo jingine ambalo wenye maduka hawapendi lisemwe: mahindi yaliyovunda huuzwa kwa bei ya chini kwa jina la "chakula cha mifugo". Mahindi yenye kuvu yaweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya kati ya Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowadhuru upesi. Anayenunua mahindi mabovu kwa ajili ya mbwa hajabana matumizi. Dagaa walionyeshewa wakati wa kuanikwa, wenye harufu mbaya au ukungu, nao waachwe sokoni.

Njia ya kweli ya kupunguza gharama ni kujua majira. Debe la mahindi lina kilo 18 hadi 20, yaani karibu miezi mitatu ya mbwa wa kienyeji. Linunuliwe baada ya mavuno, likauke barabara, lisagwe kidogo kidogo kuwa dona. Dagaa nao wana siku zao. Wavuvi huwavuta usiku kwa mwanga wa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka samaki hupungua na bei hupanda. Siku za giza ndizo za kununulia. Ongeza katika hesabu dawa ya minyoo na chanjo ya kila mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, na kampeni za chanjo mara nyingi hupangwa karibu na siku hiyo. Ofisi ya mifugo ya kata ndiyo ya kuulizwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwajibisha mwenye mnyama kumpa chakula na maji. Kwa hiyo familia ambayo unga wa watoto wenyewe ni wa kubahatisha ina haki kabisa ya kukataa mbwa, na jirani asiwacheke.

Wenye jike wana hesabu yao peke yake. Jike anayenyonyesha huhitaji mara mbili hata tatu ya chakula chake cha kawaida, na watoto wakianza kula, kila mmoja hutaka, kwa kila kilo ya mwili wake, karibu mara mbili ya mbwa mzima, tena kwa milo mitatu au minne kwa siku. Watoto sita humaliza debe kabla hujageuka. Waweza kutolewa wakitimiza wiki nane; basi majirani na waanze kuulizwa mapema nani anahitaji mlinzi, kabla sufuria ya mbwa haijawa kubwa kuliko ya wenye nyumba.