Namba za Kasha la Simu na Mstari Usiosomwa

Mnunuzi wa simu aingiaye duka la Kariakoo jijini Dar es Salaam, au la mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, hupokewa na kasha lililojaa tarakimu: megapikseli 50 za kamera, mAh 5000 za betri, GB 8 za RAM, na nyingine za namna hiyo, na kwa kuwa bei nayo ni tarakimu, humjia upesi dhana kwamba simu yenye namba kubwa zaidi kwa fedha ndogo zaidi ndiyo bora. Dhana hiyo ina upungufu ambao muuzaji hana haja ya kuutaja, nao ni kuwa baadhi ya tarakimu hizo zilipatikana katika chumba cha majaribio, chini ya masharti maalumu, ilhali mstari wenye athari kubwa kupita yote katika maisha ya simu, yaani orodha ya bendi za masafa ambazo simu hiyo inazifahamu, aghalabu haumo juu ya kasha, na ukiwamo huandikwa kwa herufi za kutafutiwa miwani.

Nianze na afya, kwa kuwa hapo ndipo wahaka ulipo mwingi. Kila simu iliyotengenezwa kwa kufuata sheria ina kipimo kiitwacho SAR, kielezacho kiasi cha nguvu ya mawimbi ya redio kinachofyonzwa na mwili wa mtumiaji. Ulaya kikomo chake kwa kichwa na kiwiliwili ni wati 2 kwa kilo, wastani ukitwaliwa katika gramu 10 za mnofu. Marekani kikomo ni wati 1.6 kwa kilo, wastani ukitwaliwa katika gramu 1. Kipimo hufanywa kwa kuiweka simu ubavuni mwa kichwa cha bandia kilichojazwa kioevu chenye tabia ya umeme iliyo karibu na ya ubongo, simu ikalazimishwa kutoa mawimbi kwa nguvu yake ya mwisho, na chombo kikapitishwa ndani ya kioevu hicho kutafuta mahali palipofyonza zaidi. Kichwa chenyewe kilifinyangwa kwa vipimo vya wanajeshi wanaume wa Marekani, kikachaguliwa kilicho kikubwa kuliko vya wengi wao. Mwuza samaki wa Malindi na mwanawe wa shule hawakuulizwa.

Sasa, jambo ambalo kipimo hicho hakisemi ndilo lenye uzito. Simu katika matumizi ya kila siku haitoi nguvu yake ya mwisho ila inapolazimika. Hufanya kama mtu azungumzaye na mwenziwe: aliye karibu humnong'oneza, aliye ng'ambo ya pili humpigia ukelele. Mnara ukiwa karibu na bendi zikipatana, simu ya 4G, ambayo kikomo chake cha kawaida ni takriban moja ya tano ya wati, huweza kushuka hata chini ya sehemu moja katika elfu ya kiasi hicho. Mnara ukiwa mbali, au mtumiaji akiwa ndani ya jengo la zege, hupanda tena mpaka ukomo. Kwa hiyo simu yenye SAR ya 0.6 isiyopatana vema na mtandao wa mahali huweza kumpa mwenyewe mawimbi mengi kuliko yenye SAR ya 1.2 inayousikia mtandao huo bila taabu, na mtu achaguaye kwa kulinganisha namba hizo mbili tu amejisumbua bure.

Hapo ndipo ule mstari usiosomwa unapoingia. Mawimbi ya masafa ya chini, kama yale ya megahezi 700 na 800, husafiri mbali na hupenya kuta kuliko yale ya 1800 au 2600, na kwa sababu hiyo hufaa sana kufikisha 4G mashambani. Simu iliyoundwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine, hata ikiwa na jina lile lile na umbo lile lile, huweza kukosa bendi hizo; mwenye nayo ataisifu akiwa katikati ya jiji, na akifika kijijini kwao atakuta 4G imetoweka na simu imerudi kwenye 2G, mtandao ambao hurekebisha nguvu ya simu polepole kuliko 3G na 4G, na hivyo huiacha mara nyingi ikipaza sauti isipohitajika.

Je, mawimbi hayo yana madhara? Mwezi wa Mei 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliyaweka katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, na habari hiyo ikazua taharuki kubwa. Ila kundi hilo hueleza uthabiti wa ushahidi, wala si ukubwa wa hatari, na ndani yake zimo pia achari za mboga za mapokeo ya Asia. Mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2024 hayakuona uhusiano baina ya simu za mkononi na saratani ya ubongo, ingawa matumizi yake yameenea mno. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja molekuli za mwili kama miali ya eksirei. Yanachofanya ni kupasha joto kidogo. Ambaye hata hivyo moyo wake haujatulia atumie visikizi au spika, maana nguvu hiyo hupungua kwa kasi simu inapoachana na sikio.

Betri nayo imefungamana na jambo lilo hilo. mAh 5000 hueleza ukubwa wa hazina, wala si kasi ya matumizi, na simu inayohangaika kutafuta mnara huimaliza hazina hiyo ingawa imelala mfukoni. Tena namba hiyo haisemi lolote juu ya umri. Betri ya lithiamu, ambayo waasisi wake watatu walitunukiwa Nobel ya kemia mwaka 2019, huchakaa kwa kila mzunguko wa kuchajiwa, na huchakaa upesi zaidi kwenye joto, jambo ambalo wakazi wa pwani hawana budi kulitia maanani kabla ya kuiacha simu juani garini. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unalazimisha simu mpya ziuzwe na lebo inayotaja ni mizunguko mingapi betri itastahimili. Kwa rai yangu lebo hiyo moja ina faida kuliko nusu ya tarakimu za kasha.

Mengine ni mepesi. RAM iliyoandikwa GB 8 kwa herufi kubwa, na "4+4" kwa herufi ndogo, ni GB 4. Nne za pili zimeazimwa katika hifadhi ya mafaili, ambayo kasi yake ni ndogo kuliko ya RAM ya kweli. Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja na kutoa picha ya 12.5, na ubora wake hutegemea ukubwa wa kihisio, namba ambayo wauzaji huinyamazia. Baadhi ya vioo vya OLED hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima upesi, na wapo watu wachache wanaoumwa kichwa kwa hilo. Dawa ni kukitazama kioo dukani kwa muda, mwanga ukiwa umeshushwa. Alama ya IP68, ya kustahimili maji, ni ya maji matamu, si ya bahari.

Kabla ya kulipa, basi, hasa kwa simu iliyokwisha tumika ng'ambo, muombe muuzaji namba kamili ya modeli, si jina la biashara tu, uitafutie orodha ya bendi zake na kuilinganisha na zile za kampuni ya laini yako. Kisha bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15, na ukiwa Tanzania uitume kwa ujumbe kwenda 15090 ujue kama simu ni halali, kwani mwezi wa Juni 2016 simu bandia nchini humo zilizimwa.