Kabla Hujabadilisha Njia ya Hewa ya Subaru Yako

Kijana akinunua Subaru Forester au Impreza yenye tabo, iwe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, mara nyingi jambo la kwanza analomwomba fundi ni kung'oa boksi la ea klina na kufunga filta ya koni. Bei yake si kubwa, kazi inaisha haraka, na gari linaanza kuvuma kwa sauti inayomfurahisha mwenyewe. Gharama halisi huja baadaye, na mara nyingi huja kwa jina la injini nzima. Injini hizo ni nzuri, ndiyo maana inaniuma kuziona zikifia mikononi mwa wanaozipenda.

Tufuate njia ya hewa. Inaingia kwenye boksi, inapita filta, kisha inapita mbele ya sensa ya hewa. Hapo inaingia kwenye bomba linalojikunja chini ya manifoldi hadi kwenye tabo. Tabo inaikandamiza, na hewa iliyokandamizwa hupata joto. Kwa hiyo hupelekwa kwenye intakula, ile iliyolala juu ya injini chini ya tundu la boneti, ipoe kabla ya kupita throto na kuingia kwenye silinda. Mtu anayeona mabomba tu hapo atafikiri kwamba bomba likiwa pana zaidi, nguvu zitaongezeka. Anachokisahau ni kwamba sehemu ile yenye sensa ni kipimo.

Sensa ya hewa ina waya mwembamba uliopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kwa kupima umeme unaohitajika kuurudishia joto, kompyuta ya gari inajua hewa kiasi gani imeingia. Lakini waya hauoni bomba zima. Unaguswa na hewa iliyo karibu nao tu. Kiwanda kilipiga hesabu kwa bomba la kipenyo fulani, na kompyuta inaamini kipenyo hicho hakijabadilika. Tuseme bomba la milimita 70 limebadilishwa kwa la milimita 76. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini eneo la ndani limeongezeka kwa karibu asilimia 18. Hewa ileile sasa inapita taratibu zaidi, waya unapozwa kidogo kuliko awali, na kompyuta inadhani hewa imepungua. Inapunguza petroli. Ni sawa na muuza nafaka aliyepewa kopo kubwa zaidi la kupimia, naye akaendelea kutoza bei ya kopo la zamani.

Injini yenye tabo ikikosa petroli ya kutosha wakati tabo inakandamiza hewa, joto ndani ya silinda hupanda. Mchanganyiko unaopaswa kuungua kwa mpangilio kuanzia kwenye plagi hujilipukia wenyewe pembeni, na kila mlipuko wa namna hiyo ni nyundo juu ya pistoni. Kompyuta ina sensa ya kusikia mapigo hayo na hujaribu kuchelewesha moto wa plagi, lakini husikia baada ya pigo, si kabla. Hapa petroli nayo ina neno. Magari haya yaliyotoka Japani yalipangwa kutumia petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa kiwango chao haishuki chini ya oktani 96 na kwa kawaida huuzwa ikiwa karibu na 100. Petroli ya kawaida kwenye pampu zetu haifiki huko. Maana yake ni kwamba gari lako limeshapoteza sehemu ya kinga yake kabla hujagusa bolti yoyote.

Zaidi ya wote nawahofia wenye injini za lita 2.5, yaani EJ255 na EJ257. Pistoni zake ni za kusubu, zenye silikoni nyingi ndani ya aluminiamu. Hazitanuki sana, zinatulia vizuri ndani ya silinda, lakini hazivumilii nyundo. Kinachovunjika mara nyingi ni ule ukingo mwembamba unaoshikilia ringi, hasa katika silinda ya nne. Dalili zake zinajulikana: moshi wa buluu, oili inayopungua, injini inayotetemeka gari likiwa limesimama, na kompresheni ya silinda moja kushuka wakati nyingine ziko sawa. EJ205 ya lita 2 hustahimili zaidi, lakini hakuna pistoni inayoweza kupigwa miezi na isidhurike.

Mpasuko kwenye njia ya hewa nao hudanganya kipimo, na mahali ulipo hubadilisha kila kitu. Lile bomba lililo kati ya sensa na tabo hukakamaa na kupasuka kwa miaka mingi ya joto. Likipasuka, hewa isiyopimwa inaingia, na petroli inakuwa pungufu. Hosi ikichomoka baada ya tabo, hewa ambayo tayari imepimwa inatoka nje, petroli inazidi, na ekzosi inatoa moshi mweusi. Vali ya kutupa presha nje, ile inayopiga mluzi mtu akibadilisha gia, ina kosa hilohilo la pili, kwani hewa iliyokwisha kuhesabiwa inamwagwa barabarani. Muombe fundi apulize moshi ndani ya mabomba na atazame unapotokea. Usikubali kuambiwa "hosi ziko poa" kwa kutazama tu.

Halafu oili. Mhimili wa tabo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Katika baadhi ya injini hizi, bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye tabo ina wavu mdogo ndani yake. Oili ikikaa muda mrefu hugeuka tope, wavu unaziba, tabo inakosa oili na kufa, na vipande vyake vya chuma vinaweza kufika hadi kwenye beringi za konrodi. Baada ya hapo utasikia injini ikigonga, na fundi atakwambia imenoki. Pima oili kila unapojaza mafuta. Mkanda wa taimingi nao, kama historia yake haijulikani, ubadilishwe mara gari linaponunuliwa. Ukikatika, vali hukutana na pistoni.

Je, kupanua njia ya hewa hakuna faida? Ipo, lakini ni ndogo kuliko wauzaji wanavyosema. Impreza aliyoshindia dereva Colin McRae Safari Rally mwaka 1997 ilivuta hewa yake yote kupitia tundu la milimita 34, kwa amri ya FIA, wasimamizi wa mbio za magari, na bado ilikuwa na takriban nguvu za farasi 300. Wahandisi walizipata kwa kupanga petroli, moto na presha kwa usahihi. Huku kwetu kuna la ziada: Nairobi, kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa, hivyo tabo tayari inazunguka kwa kasi zaidi kutafuta msukumo uleule. Filta ya koni iliyoachwa wazi ndani ya boneti inavuta hewa ya moto iliyotoka kwenye injini. Ikiwa ni ya kupakwa oili na ikapakwa kupita kiasi, oili hiyo huchafua waya wa sensa. Na kwa barabara zetu za vumbi, boksi la kiwandani lenye filta safi ya karatasi hulinda vizuri.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza ipeleke kwenye kupima kompresheni, kupuliza moshi, oili, mkanda, plagi na petroli ya oktani ya juu kabisa inayopatikana kwenye mji wako. Ukishamaliza hayo na bado unataka njia mpya ya hewa, inunue siku ileile unayomlipa mtaalamu wa kupanga upya kompyuta, akiwa na kipimo cha mchanganyiko kwenye ekzosi. Kama fedha ya kompyuta haipo, acha boksi la kiwandani lilivyo.