Cheti cha Kufundisha Lugha Ng'ambo: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Kila mwaka wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho, hasa wanaosoma Kiswahili pamoja na Kiingereza, hutuuliza swali lilelile: je, tukipata cheti cha TEFL tutaweza kwenda kufundisha Kiingereza Asia au Uarabuni? Wengine huja na tangazo mkononi linaloahidi cheti cha "saa 120" kwa siku chache tu. Kwa kuwa ada hiyo aghalabu hutoka kwa mzazi aliyeuza ng'ombe au mavuno ya tumbaku, tumeona ni vyema kulieleza suala hili kinagaubaga.

TEFL ni nini?

TEFL ni kifupisho chenye maana ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni. Ni jina la kazi, si jina la cheti kimoja, wala hakuna chombo kinachomiliki jina hilo. Kwa hiyo mwenye tovuti yeyote anaweza kuuza cheti na kukiita TEFL.

Vyeti vinavyotambuliwa zaidi na waajiri ni viwili: CELTA cha Cambridge na CertTESOL cha Trinity College London. Chimbuko la CELTA ni kozi fupi ya walimu iliyoanzishwa na John Haycraft mwaka 1962 katika shule ya International House, London. Leo kozi hiyo ina saa zisizopungua 120. Ndani yake mna saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi wa viwango viwili huku mkufunzi akitazama na kutoa alama, saa 6 za kuwatazama walimu wazoefu, na kazi 4 za kuandika. Anayesoma kwa siku nzima huimaliza kwa majuma manne au matano. Mwombaji awe ametimiza miaka 18, awe na elimu ya kumwezesha kuingia chuo kikuu, na Kiingereza chake kiwe cha kiwango cha C1 au C2 katika vile viwango sita vya Ulaya. Si lazima awe amezaliwa na lugha hiyo. Hata kozi inapoendeshwa kwa mtandao, saa zile za kufundisha mbele ya mkufunzi hubaki palepale.

Matangazo mengi ya bei nafuu yameiazima namba 120, yakaziacha zile saa 6. Tofauti iko hapo.

Kuijua lugha na kuifundisha

Kwa nini saa hizo 6 zina uzito? Tuchukue mfano wa Kiswahili. Msemaji wa Pwani hakosei kati ya "nilipoteza ufunguo" na "nimepoteza ufunguo". Lakini mgeni akimuuliza tofauti, huenda akajibu, "Ndivyo tunavyosema." Mwalimu aliyefunzwa hatatoa mhadhara juu ya viambishi vya wakati na hali. Atachora mstari wa wakati ubaoni, kisha atauliza: "Je, sasa hivi ufunguo anao?" Kwa sentensi ya -me-, jibu ni hapana. Kwa sentensi ya -li-, hatujui. Huenda aliuona baadaye. Swali moja fupi limefanya kazi ya ukurasa mzima wa sarufi. Ustadi wa namna hii haupatikani kwa kusoma peke yake. Hupatikana kwa kufundisha, kukosolewa, na kufundisha tena.

Hapa sisi wa West Nile tuna mtaji tusioutambua. Kilugbara si lugha ya Kibantu, na hakina upatanisho wa ngeli. Kikakwa nacho ni cha jamii ya Kiniloti. Wengi wetu tulijifunza "kitabu changu kimepotea" na "vitabu vyangu vimepotea" kwa jasho, kama tunavyojifunza kanuni za hesabu. Mwanafunzi wa kutoka Marekani au Korea atakwama palepale tulipokwama sisi. Aliyepita njia hiyo hujua mashimo yake yalipo.

Cheti hakibadilishi pasipoti

Jambo ambalo matangazo hulinyamazia ni uraia. Korea Kusini, kwa mfano, ni soko kubwa la walimu wa Kiingereza. Lakini viza yake ya E-2 kwa walimu wa Kiingereza hutolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Uganda haimo, ijapokuwa Kiingereza ni lugha yetu rasmi kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1995. Utaratibu huo tunaweza kuulalamikia, lakini cheti, hata kiwe cha daraja la juu kabisa, hakiuondoi.

Kwa hiyo anza na masharti ya viza ya nchi unayoitaka, kisha masharti ya mwajiri, na cheti kiwe cha mwisho. Iwapo kuna wakala wa ajira, hakikisha ana leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Mlango wa Kiswahili

Wengi wa wanaotuuliza juu ya TEFL hawatuulizi juu ya kufundisha Kiswahili kwa wageni. Sababu mojawapo ni historia. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na Waganda wengi wakaendelea kukiona kuwa lugha ya kambi za jeshi. Lakini hali imebadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Afrika Kusini nayo ilitangaza mwaka 2018 kuwa kingekuwa somo la hiari shuleni.

Nchini Tanzania, BAKITA, baraza lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, huendesha mafunzo kwa walimu wa Kiswahili kwa wageni. Mpango wa Marekani wa Fulbright FLTA nao kwa miaka mingi umewapeleka vijana wa Kenya na Tanzania kufundisha Kiswahili vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo, na uliwalenga hasa walimu wa Kiingereza. Wenye shahada ya lugha zote mbili wauangalie mpango huu, wakiuliza ubalozini kama nafasi zipo kwa mwaka husika.

Ng'ambo iliyo karibu

Wala si lazima kupanda ndege ili kupata uzoefu. Ukivuka Oraba uko Sudan Kusini, nchi iliyokifanya Kiingereza lugha yake rasmi mwaka 2011 ikiwa na walimu wengi waliosomeshwa kwa Kiarabu. Ukivuka Vurra uko Kongo, ambako shule hutumia Kifaransa. Wakimbizi walioko Rhino Camp, Imvepi na Lobule wamo humu humu West Nile. Huyo ndiye mwanafunzi halisi wa lugha ya kigeni. Omba nafasi ya kuwafundisha watu wazima, tunza maandalio ya masomo, na umwombe mwalimu mzoefu akutazame na kuandika maoni yake.

Kabla ya kulipa, basi, uliza maswali matatu: Je, kuna mtu atakayenitazama nikifundisha? Je, nchi ninayoikusudia inaipokea pasipoti yangu? Je, cheti hiki kitanifaa hata nisiposafiri? Ukijibiwa hapana kwa mawili kati ya hayo, ng'ombe wa baba abaki zizini. Mwenye tangazo asilolielewa alilete idarani tulisome pamoja.