Ngoma Mbili Zisizo Ndugu

Mwaka uliopita, mwalimu mmoja niliyepata kumfunza chuoni aliniomba nifike shuleni kwake, katika eneo la Mlima Kenya. Mzazi alikuwa amemwondoa bintiye katika kikundi cha wapiga ngoma kilichokuwa kikijiandaa kwa tamasha la muziki. Hoja yake ilikuwa kwamba katika Kigikuyu ngoma ni mizimu, na katika mahubiri ya kanisani ni mapepo. Mwalimu naye, kwa nia njema, alikuwa amepalilia makaa: alimweleza mzazi kwamba neno ni lilo hilo moja, maadamu hapo kale ngoma ndiyo iliyoita mizimu.

Nakiri kuwa maelezo hayo yanapendeza. Ila si ya kweli.

Ngoma ya kupigwa ni neno kongwe la Kibantu. Malcolm Guthrie alilitia katika orodha zake za mashina zilizochapishwa baina ya 1967 na 1971. Waganda wanalo, Wakongo wanalo. Kwa Warundi, ingoma ni chombo na pia ni ufalme wenyewe, na mchezo wao wa ngoma ya kifalme uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Kwa Wazulu, ingoma ni wimbo. Vijana wetu wa Nairobi, wanaoita ngoma kila wimbo uliorekodiwa, wamefika huko huko alikofika Mzulu bila ya kumuuliza njia.

Sasa tutazame Kigikuyu. Katika lugha hiyo, sauti k ikitanguliwa na n hugeuka, nasi husikia ng. Kuku wa Mswahili kwa Mgikuyu ni ngũkũ. Kwale ni ngware. Basi anayetafuta asili ya ngoma ya Kigikuyu, yaani mizimu, hana budi kubisha mlango wa k. Akibisha hapo atafunguliwa na Wagiriama, ambao roho za wahenga wao huziita koma. Tena Wagiriama hao hao wanayo ngoma ya kupigwa na kuchezwa. Kwao maneno ni mawili, dhahiri shahiri, wala hayachanganyiki. Ni Kigikuyu ambacho kanuni yake ya sauti imeyavika maneno haya kanzu moja.

Sikatai kwamba ngoma na pepo hukutana. Pwani kuna ngoma za kupunga pepo, na anayezijua hahitaji kuelezwa na daktari wa isimu. Lakini kukutana uwanjani si kuzaliwa tumbo moja, na mwalimu anayeunga maneno kwa kufanana kwake tu hufunza hadithi akidhani anafunza lugha.

Mzee yule alinisikiliza kwa makini kuliko wanagenzi wangu wengi.

“Kwa hivyo, Mwalimu, hao Wagiriama wanayo yote mawili?”

“Ndiyo, Mzee. Yote mawili.”

Akanyamaza kitambo, kisha akasema atazungumza na mchungaji wake kwanza. Binti alirejea kikundini juma lililofuata. Mwalimu, kwa upande wake, alibaki na kazi ya kuwarudia wanafunzi wa madarasa matatu, ambao walikuwa wamekwisha kuandika maelezo yake ya awali madaftarini mwao.